Siri ya Mtungi: Maslahi ya Mfanyakazi na Uvumbuzi Viwandani kwa Kurejelea Mafundi wa Gakoromone, Meru

Utangulizi

Waswahili husema kuwa siri ya mtungi aijuaye kata. Kwa kawaida methali hii hufasiriwa kwa kurejelea mambo ya unyumba, kwamba aliye ndani ndiye ajuaye yaliyomo. Hata hivyo, inaafiki vilevile hali ya kiwandani. Mwenye mtungi ni mwajiri. Kata ni mfanyakazi, aingiaye na kutoka kila siku, akajua maji yamefika wapi na ufa uko upande gani. Swali linalozuka ni hili: kata ikigundua njia bora ya kuteka maji, itasema au itanyamaza? Na ikisema, itapata nini?

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya maslahi ya kibinafsi ya mfanyakazi na uvumbuzi katika viwanda. Mfano unaoongoza mjadala ni mafundi wa jua kali, hususan wale wa Gakoromone mjini Meru, ambako soko kubwa la mazao limepakana na karakana za vyuma, mbao na magari. Mkulima ateremkaye na ndizi au viazi kutoka miteremko ya Mlima Kenya huuza mzigo wake, kisha akatafuta fundi wa kumtengenezea mkokoteni au jiko. Katika mazingira ya namna hii kiwanda hakina ukuta wala lango. Mwajiri, mwajiriwa na mteja husimama juani pamoja, na kwa sababu hiyo mahusiano ambayo katika kampuni kubwa hufichwa na ofisi huonekana waziwazi.

Hoja kuu ya makala ni kwamba maslahi ya kibinafsi ya mfanyakazi si adui wa uvumbuzi. Maslahi hayo hayo ndiyo huuzaa uvumbuzi na ndiyo huuficha. Kinachoamua ni iwapo mvumbuzi ana fungu katika kile alichokivumbua.

Ufafanuzi wa Istilahi

Ni muhimu kutofautisha dhana mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Ubinafsi ni tabia ya kujipendelea hata kwa kumdhuru mwenzio, na katika Kiswahili neno hili lina lawama ndani yake. Maslahi ya kibinafsi, kwa upande mwingine, ni yale mambo yanayomfaa mtu: ujira wake, usalama wa kazi yake, heshima yake na mustakabali wa watoto wake. Mtu anaweza kuyatazama maslahi yake bila ya kuwa mbinafsi. Jamii ya Waswahili ililikubali jambo hili zamani iliposema, mtumikie kafiri upate mradi wako. Methali hii haimlaumu mtumishi. Inakiri tu kwamba anayetumika ana mradi wake, nao si lazima uwe mradi wa anayemtumikia.

Uvumbuzi nao usichukuliwe kuwa ni kile kitu kipya kabisa kinachotoka katika maabara peke yake. Sehemu kubwa ya uvumbuzi viwandani ni maboresho madogo: namna ya kukata bati bila ya kupoteza mabaki, namna ya kupanga kuni ili moto uwake vizuri, au pembe ya kisu inayokata majani ya ng'ombe kwa wepesi zaidi. Maboresho ya aina hii hujulikana kwanza na yule ambaye mkono wake uko kazini. Bosi huyajua baadaye, iwapo atayajua.

Mfanyakazi Anaponyamaza

Ukimya wa mfanyakazi umeandikiwa tangu zamani. Mhandisi Mmarekani Frederick Taylor, aliyefanya kazi katika kiwanda cha chuma cha Midvale mjini Philadelphia, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1911 jinsi wafanyakazi walivyojizuia makusudi wasionyeshe kasi waliyoweza kufikia. Sababu yake haikuwa uvivu. Waliolipwa kwa idadi ya vipande walikuwa wamejifunza kwamba kila kasi ilipoongezeka, mwajiri alipunguza malipo ya kila kipande. Aliyegundua njia ya mkato alijikuta akifanya kazi zaidi kwa ujira ule ule.

Miongo miwili baadaye, kati ya mwaka 1931 na 1932, watafiti waliwachunguza wanaume 14 katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, waliokuwa wakiunganisha nyaya za mitambo ya simu. Waligundua kuwa kundi hilo lilikuwa na kiwango chake lenyewe cha kazi ya siku. Aliyezidisha alidhihakiwa na wenzake. Aliyepunguza mno naye alionywa. Hofu yao ilikuwa kwamba uzalishaji ukipanda, ama malipo yangeshushwa ama baadhi yao wangeachishwa kazi.

Hali kama hiyo si ngeni kufikirika katika mazingira ya Meru na Embu, ambako viwanda vya majani chai huchemsha maji kwa tanuri za kuni ili kupata mvuke wa kukaushia chai. Achukuliwe, kwa mfano wa kubuni tu, mchochezi wa tanuri katika kiwanda kimojawapo. Kwa miaka mingi ametambua kuwa kuni zikipasuliwa vipande vyembamba na kuanikwa kwa muda mrefu zaidi, mvuke ule ule hupatikana kwa kuni chache. Je, alitangaze jambo hilo? Akilitangaza, kiwanda kitapunguza gharama. Lakini huenda pia kikapunguza vibarua wa kubeba kuni, na mmoja wao akawa ni shemeji yake. Yeye mwenyewe ataambiwa ahsante. Msimamizi ndiye atakayeandika ripoti, na jina litakalosomwa katika mkutano ni la msimamizi. Mchochezi huyu akinyamaza hatakuwa mjinga wala mwovu; atakuwa amepiga hesabu. Hasara ni ya wote: ya kiwanda, ya mkulima wa chai anayelipwa kutokana na mapato ya kiwanda hicho, na ya misitu inayokatwa.

Mfanyakazi Anapoondoka

Njia ya pili aliyo nayo mfanyakazi ni kuondoka na ujuzi wake kichwani. Historia ya viwanda duniani imejengwa kwa kiasi kikubwa na watu wa namna hii. Mwaka 1789 kijana Mwingereza Samuel Slater, aliyekuwa amejifunza kazi chini ya Jedediah Strutt, mwenye viwanda vya kusokota pamba, aliabiri meli kuelekea Marekani. Sheria ya Uingereza ilikataza mafundi wa nguo kuhamia ng'ambo. Slater hakubeba michoro yoyote, kwani mitambo aliihifadhi akilini. Kufikia mwaka 1790 alikuwa ameiunda upya mjini Pawtucket. Wamarekani humtaja kuwa mwasisi wa viwanda vyao, ilhali kwao Belper aliitwa msaliti. Kitendo ni kimoja. Jina lake linategemea nani aliyefaidika.

Historia ya jua kali nchini Kenya ina akina Slater wengi wasiotajwa. Katika enzi ya ukoloni karakana nyingi za mijini zilimilikiwa na Waasia, na Waafrika waliajiriwa humo kama wasaidizi wa kushika, kubeba na kupuliza moto. Msaidizi hakufundishwa rasmi. Alijifunza kwa jicho, akimtazama fundi mkuu huku akimpokeza spana. Mtafiti Kenneth King, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu fundi wa Kiafrika, alifuatilia jinsi ujuzi ulivyovuka kutoka karakana hizo hadi kwa Waafrika waliojiajiri wenyewe, wakiwemo watengenezaji wa koroboi za makopo. Waliotoka walianza na vyuma chakavu na nyundo, kisha wakabuni zana zao wenyewe za kukatia na kukunjia mabati, kwa kuwa mashine za kununua ziliwashinda bei. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwabana wafanyabiashara wasio raia, wengi wakaondoka, na nafasi ikapanuka.

Ni vyema kuangalia kilichomsukuma msaidizi huyu. Hakutoka ili ajenge uchumi wa taifa. Alitoka kwa sababu mshahara ulikuwa mdogo na njia ya kupanda cheo haikuwepo. Aliyebahatika alifanya mtihani wa ufundi wa serikali, daraja la tatu kisha la pili, ili ujuzi wake uwe na karatasi inayoweza kusafiri naye. Kwa jicho la mwajiri hiyo ilikuwa hasara, maana alimlisha mwanafunzi aliyegeuka kuwa mshindani. Kwa jicho la nchi lilikuwa ni zao. Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya, liliihimiza serikali iache kuwaandama watu hawa na badala yake iwasaidie. Mnamo Novemba 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi na kuahidi kuwajengea vibanda vya kuwakinga jua. Hivi leo, kwa mujibu wa takwimu za serikali, sekta isiyo rasmi ina zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini, ukiacha kilimo cha wakulima wadogo. Sehemu muhimu ya umati huo imesimama juu ya ujuzi ulioondoka na mtu aliyekuwa akitafuta maslahi yake.

Gakoromone: Fundi na Mwanagenzi

Itakuwa kosa, hata hivyo, kumwona fundi wa jua kali kama aliyekwisha kulitatua tatizo hili. Mara tu mwajiriwa wa jana anapokuwa mwajiri wa leo, swali lile lile humgeukia. Sasa yeye ndiye mwenye mtungi, na kata ni mwanagenzi wake.

Katika lugha, uhusiano wa wawili hawa ni wa karibu sana. Maneno fundi, fundisha, funzo, mwanafunzi na mkufunzi yanashirikiana katika mzizi mmoja, kana kwamba lugha yenyewe inadai kuwa anayejua ni sharti afunze. Methali nayo husema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Humo mna ngazi nzima ya mafunzo: mtoto huanza kwa kuvukuta moto, na siku moja husana. Lakini methali inazungumzia mwana wa mhunzi. Haisemi lolote kuhusu mwana wa jirani.

Katika jamii za eneo la Mlima Kenya uhunzi ulikuwa kazi yenye mipaka. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu maisha ya Wagikuyu, anaeleza kuwa wahunzi waliheshimiwa na laana yao iliogopwa mno. Ujuzi ulirithishwa katika ukoo. Laana hiyo ilifanya kazi ambayo leo hufanywa na hataza: ilimlinda mwenye ujuzi dhidi ya mwigaji, ikamhakikishia fungu lake, na kwa hiyo akaweza kumfunza mwanawe bila ya hofu.

Fundi wa vyuma wa leo hana laana wala hataza. Katika jua kali kwa jumla, mwanagenzi hulipa ada au hutoa nguvu zake bure kwa muda fulani. Fundi anajua kwamba kijana huyu akihitimu huenda akafungua kibanda hatua chache kutoka hapo, akauza masanduku yale yale ya wanafunzi wa bweni kwa bei ya chini. Kwa mantiki ya maslahi, fundi ana sababu ya kufundisha yote ila hatua ya mwisho: kipimo cha bawaba, mchanganyiko wa rangi, au jina la mtu anayemuuzia mabati kwa bei nafuu. Kijana naye ana sababu ya kutosema alipopata njia bora. Wote wawili wanajilinda. Kila mmoja ana haki, na uvumbuzi unalala.

Kuna na tatizo la kuigana. Katika karakana zisizo na ukuta, kitu kipya kikianikwa asubuhi, kufikia jioni jirani ameshakipima kwa macho. Faida yake ni kwamba kitu kizuri huenea haraka. Jiko la makaa lenye ndani ya kauri ni ushahidi mzuri. Muundo wake ulichochewa na jiko la ndoo la Thailand na kukuzwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi wa jua kali wakishiriki kulirekebisha. Halikufungiwa kwa hataza. Matokeo yake ni kuwa lilienea Kenya nzima na kuvuka mipaka hadi nchi jirani, likawapa kazi wafua bati na wafinyanzi. Hasara yake ni kwamba waliokuja baadaye walishindana kwa bei peke yake. Wapo waliopunguza unene wa bati na ubora wa kauri, na mnunuzi akabaki na jiko linalopasuka. Pale ambapo hakuna anayeweza kuvuna alichopanda, hupatikana waigaji wengi na waboreshaji wachache.

Sheria Inasemaje?

Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001 nchini Kenya, inayosimamiwa na Taasisi ya Mali ya Viwandani, imelizungumzia suala hili. Kimsingi, uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa ajira ni mali ya mwajiri, isipokuwa kama mkataba wenyewe umesema vingine. Hata hivyo, uvumbuzi ukiwa na umuhimu wa kipekee, mfanyakazi ana haki ya kulipwa malipo ya haki juu ya mshahara wake. Na aliyevumbua kitu kisichohusiana na kazi yake, bila ya kutumia vifaa vya mwajiri, ni mwenyewe wa uvumbuzi huo. Pamoja na hataza ya miaka 20, sheria hiyo inatoa hifadhi nyingine nyepesi zaidi, ya miaka 10, kwa maboresho madogo ya vifaa. Hii ya pili ndiyo inayokaribiana na kazi ya jua kali.

Maneno juu ya malipo ya haki si mapambo. Nchini Japani, mtafiti Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia alifanikisha taa ndogo ya samawati iliyowezesha taa nyeupe za kisasa. Kampuni ilimpa yeni 20,000. Alipoishtaki, mahakama ya Tokyo iliamuru mwaka 2004 alipwe yeni bilioni 20, na mwaka 2005 pande mbili zikapatana kwa yeni milioni 840. Mwaka 2014 alikuwa mmoja wa wanasayansi watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobeli ya fizikia kwa kazi hiyo. Wakati huo alikuwa ameshaiacha kampuni na kuhamia Marekani. Katika nchi hiyo hiyo ya Japani, kampuni ya Toyota ilianzisha mwaka 1951 utaratibu wa kupokea mawazo ya wafanyakazi na kuwatuza walioyatoa. Tuzo mara nyingi ni dogo, lakini wazo huandikwa kwa jina la mwenyewe na hujibiwa. Mifano hii miwili yaonyesha kwamba fungu si lazima liwe kubwa, ila ni lazima lijulikane mapema.

Nafasi ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Huenda ikaulizwa, mjadala huu unahusuje wanafunzi wa Kiswahili? Unawahusu kwa njia mbili.

Kwanza, fasihi. Riwaya ya Kuli ya Adam Shafi (1979) iliwaweka wafanyakazi wa bandari ya Unguja katikati ya masimulizi, na mgomo wa mwaka 1948 ukawa kilele cha kujitambua kwao. Hapo mfanyakazi anadhulumiwa nguvu zake, na anazidai kwa umoja. Dhuluma ya ujuzi ni ya aina nyingine. Haionekani kama jasho, wala haigomewi kwa urahisi, kwa kuwa mara nyingi mdhulumiwa yuko peke yake na siri yake. Uhakiki unaomtazama mfanyakazi kama mwenye misuli tu, bila ya kumtazama kama mwenye akili, unaiacha nusu ya maisha yake nje ya ukurasa.

Pili, lugha yenyewe. Sheria iliyotajwa hapo juu iliandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe kuwa mfanyakazi asiyeielewa lugha ya mkataba anaelezwa yaliyomo kwa lugha anayoielewa, na Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kwa fundi wa Gakoromone, anayezungumza Kimeru nyumbani na Kiswahili sokoni, haki iliyoandikwa kwa lugha asiyoimudu ni sawa na maji ya mtungi uliozibwa. Neno hataza limo kamusini, lakini halijafika kwenye karakana. Kulifikisha huko, pamoja na maelezo mafupi ya sheria yaliyoandikwa kwa Kiswahili ambacho fundi na mwanagenzi watakielewa, ni kazi ambayo chama cha wanafunzi kinaiweza bila ya kungoja bajeti ya wizara.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa mfanyakazi mwenye ujuzi ana njia tatu: kunyamaza, kuondoka, au kusema. Akinyamaza, uvumbuzi hufa naye. Akiondoka, huenea, lakini mwajiri hujifunza kutomwamini anayemfuata. Akisema, hufaidi wengi, na hasemi ila akijua fungu lake ni lipi. Mahubiri dhidi ya ubinafsi hayatabadilisha hesabu hiyo. Kitakachoibadilisha ni makubaliano yaliyo wazi: kwa kiwanda kikubwa, kitabu cha mawazo chenye majina na malipo yanayofahamika, kwa karakana ya jua kali, mapatano yanayoeleza mwanagenzi atafunzwa nini, kwa muda gani, na alichokibuni mwenyewe kitakuwa cha nani.

Mapatano hayo si lazima yaandikwe na wakili. Yanaweza kuwa ukurasa mmoja wa Kiswahili sanifu, uliosomwa mbele ya mzazi wa kijana na mafundi wawili wa jirani. Ukurasa huo bado haujaandikwa.